Vipimo vya Mke wa Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Macho, na si kwa kejeli. Ukikanyaga tu kizingiti cha duka lake, alikuangalia mara moja, akageuka, akaandika kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Baada ya hapo ndipo alipokusimamisha na kukuzungushia futi, nayo ilikuwa kuhakikisha kwamba futi haijakosea. Kuna bwana mmoja alimpima akikatiza barabarani kwa pikipiki, hata mwendo hakupunguza, na suti ilipokuwa tayari ikamkaa hadi bwana yule akauliza ni nani aliyemchuna ngozi akaishonea vifungo. Kuna mama mwingine aliambiwa, "Mama, kiuno kimeongezeka robo inchi, nikuachie nafasi?" Mama akanuna wiki nzima. Wiki ya pili akatapika. Mtoto aliyezaliwa sasa ana ndevu.

Mtu wa namna hiyo, miezi mitatu baada ya mkewe kuondoka, alikaa na daftari lake, akaandika juu ya ukurasa mpya "Mke wangu", akapiga mstari chini yake kwa rula, akaandika "Bega" na nukta mbili. Baada ya nukta mbili hakikuja kitu.

Akajaribu "Kiuno". Napo patupu.

Akaweka kalamu chini na kutazama ukuta. Alikuwa anakumbuka kiuno cha karani wa posta aliyestaafu zamani. Alikuwa anakumbuka bega la kulia la mwalimu mmoja, lililopanda kuliko la kushoto kwa sababu ya kuandika ubaoni. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minne hakuwemo hata kwa nusu inchi.

Mkewe hakuondoka kwa ugomvi. Laiti angegombana. Aliosha vyombo, akavifunika, akatoka na mfuko mmoja na mto wake wa kulalia, akasimama penye pazia linalotenga duka na nyumba, akasema, "Naenda kukaa kwa dada."

Fundi alikuwa anapachika zipu. "Haya, msalimie," akajibu.

Zipu ilipokaa sawa ndipo alipojiuliza mtu anaendaje kusalimia na mto.

Alipiga simu. Mkewe alipokea kwa adabu zote. "Hujambo, baba watoto? Umekula? Haya." Angetukanwa angejua pa kushika, adabu ile haikuwa na mpini. Watoto wao wawili, wakubwa, kila mmoja na maisha yake ya mbali, walisema maneno yaleyale kana kwamba wamepangiwa: "Baba, hayo ni yenu." Nyumba ikabaki na sauti ya cherehani peke yake, na ilipokoma cherehani ilibaki na bomba lililokuwa linadondosha maji.

Siku moja akalazimika kufagia mwenyewe. Akaisogeza cherehani, kitu ambacho hakijafanyika tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na ile cherehani ikaanza kuyumba kama mlevi. Chini ya mguu mmoja mfupi palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, imebanwa hadi imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Akaikunjua taratibu. Ilikuwa ukurasa wa kalenda, na nyuma yake mchoro wa gauni kwa penseli.

Aliutambua mwandiko wa ile penseli. Mkewe aliuchora mwaka waliooana, akamletea pale mezani huku anaficha mdomo kwa kiganja. Fundi aliutazama, akasema, "Zuri. Wiki ijayo." Na kweli alikuwa na nia. Lakini mchana uleule cherehani ilikuwa inatikisika, na karatasi ilikuwa karibu.

Alikaa sakafuni na ufagio mapajani. Alipoinuka alikuwa amekata shauri. Atalishona lile gauni kama lilivyochorwa, na atalishona lote kwa mkono, kwa sababu mkewe alikuwa akisema mlio wa cherehani umemwingia masikioni, hata akilala unaendelea kukimbia. Akilimaliza atampelekea, akivaa atarudi. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi hivyo. Fundi hakuwa na nyingine.

Kazi ikaanza, na ikamdhalilisha tangu siku ya kwanza.

Kola ya kwenye mchoro haikuwa kola ya kawaida. Ilianzia nyuma ya shingo, ikashuka kifuani pande mbili, ikapishana, ikazunguka kiuno na kwenda kufungwa mgongoni, bila kukatwa popote. Aliyeichora hakuwahi kusumbuliwa na kitambaa. Aliichora kama mtu anavyochora ndege. Fundi alitoa mashuka ya zamani, akaanza majaribio. Shuka la kwanza, kola ilisimama wima kama masikio ya punda. La pili likaikaba sanamu ya mbao ya kuvishia nguo dukani hadi ikaegemea. La tatu mbele lilipendeza, nyuma likaota nundu.

"Macho, siku hizi unashona mashuka?" Huyo alikuwa kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mdomo usio na mlango.

"Nashona gauni."

"La nani, la jini? Mbona lina mgongo wa ngamia?"

"Nenda ukanyoe watu."

"Ninyoe nani? Wateja wote wako dirishani kwangu wanakuchungulia. Wanasema wakikaa kwenye kiti watapitwa na uhondo."

"Ni la mke wangu," fundi akasema.

Kinyozi akanyamaza, jambo ambalo kwa kawaida lilihitaji homa kali. "Atarudi?" akauliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Kola ikikaa."

Shuka la nne alilitupa mezani kwa hasira, likatua kipembepembe. Akaushika ukingo auvute, na kitambaa kikamfuata mkono kama mtoto aliyebembelezwa. Mshazari! Kila fundi anajua kwamba kitambaa kikivutwa kwa kufuata uzi kinakaza, kikivutwa kwa mshazari kinalegea na kutii. Yeye alikuwa anaijua siri hiyo kwa vijitepe vya kuzungushia makwapa. Kuikata kola nzima na mkanda wake kwa mshazari, kipande kimoja kirefu, hakuwahi kuwaza. Akakata, akapiga bandi, mishono ya muda, kwa uzi mweupe, akavisha sanamu. Kola ikaanguka mabegani, ikapishana kifuani, ikageuka kiunoni yenyewe, ikaenda mgongoni kama inayoijua njia.

Mtu mwingine angeruka. Fundi alikaa kwenye kigoda. Ilikuwa imemjia kwamba msichana yule aliyeficha mdomo kwa kiganja alikuwa na kichwa cha ufundi kuliko yeye, na kichwa kile yeye fundi alikitumia miaka yote kuzuia cherehani isitikisike.

Akanunua kitani cha rangi ya kutu, kizito kidogo, chenye kuanguka vizuri. Na hapo ndipo alipofungua daftari na kuandika "Bega" na nukta mbili.

Alitafuta nguo ya mkewe iliyobaki kabatini aipime. Palikuwa na mtandio tu, na mtandio hauna kiuno. Halafu akakumbuka jambo lingine lililomfanya afunge lile kabati haraka: mke wa fundi mashuhuri kuliko wote mtaani alikuwa anavaa mitumba. Alizichagua mwenyewe sokoni, zilizomkaa akazivaa, zisizomkaa akazikunja mikono na pindo.

Akaamua kwenda kumwangalia. Macho ni macho, yamempima mtu wa pikipiki, yatashindwaje na mtu anayeanika nguo? Akaenda asubuhi, akajibanza ng'ambo ya barabara kando ya kibanda cha vocha, mbele ya nyumba ya shemeji yake. Mkewe akatoka na beseni. Akaanika shuka, akaanika taulo, akasimama kidogo na kujishika kiuno, akitazama mawingu kama yanafaa. Macho yalimtoka fundi pima. Yalimwona mkewe. Inchi hayakuona hata moja. Aliona kwamba nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, na kwamba anaimba kitu kwa kunong'ona, na kila alipojaribu kurudi begani au kiunoni, macho yalijaa maji yakashindwa kazi.

"Mzee, unanunua vocha au unaumwa?" muuza vocha akauliza.

Akanunua vocha.

Aliyemwokoa, au aliyemmaliza, alikuwa shemeji mwenyewe, dada mkubwa wa mkewe. Alipita dukani wiki ile kuchukua sketi ya mpangaji wake, akakuta kitani mezani, akauliza, akaelezwa. Machozi yakamlengalenga.

"Shemeji, na wewe una moyo kumbe!"

"Vipimo ndio sina."

"Mbona unahangaika? Mimi hapa unaniona nini, mti? Tumelingana tangu utoto. Blauzi zangu anavaa, viatu vyangu anavaa. Tulikuwa tukipigwa kwa makosa, mama anamkamata huyu kwa kosa la yule. Nipime mimi."

"Atajua?"

"Nani atamwambia? Tunamshtukiza."

Fundi akautazama ule ukurasa mtupu. Kisha akavuta futi. "Haya, simama hapa, shemeji. Inua mikono. Pumua. Usijibane, pumua kawaida." Na namba zikaja, moja baada ya nyingine, zikajaza ule ukurasa wenye kichwa cha "Mke wangu".

Alilishona kwa wiki sita. Wateja wa suruali walikuja wakarudi, waliochoka wakahamia kwa mafundi wengine. Hakuwajali. Alikata vipande saba vya sketi, akavipigia bandi, akavishona kwa mishono midogo kiasi kwamba kinyozi aliapa inaonekana kwa kugusa tu. Akatia bitana ya hariri nyepesi isije ikamkwaruza. Akatia mifuko miwili mirefu kama ilivyochorwa, mkono uzame hadi kiwikoni ukitaka. Ncha za vidole zikatoboka, akazifunga plasta, plasta ikanasa uzi, akazitoa akashona na maumivu yake. Kola aliifumua mara mbili kwa kosa ambalo hakuna binadamu mwingine angeliona. Na kadiri gauni lilivyokaribia kuisha ndivyo alivyozidi kuwa mkimya, maana kabla ya hapo alikuwa na kazi ya kufanya, na baada ya hapo angekuwa na jibu la kusikia.

Siku ya kulipeleka alivaa shati lililonyooshwa vibaya, kwa kuwa hajawahi kunyoosha nguo. Hiyo ilikuwa kazi ya nyuma ya pazia.

"Hodi!"

"Karibu, karibu, shemeji," akaitikia dada mtu kwa furaha ya mtu mwenye siri.

Mkewe alikuwa sebuleni anachambua mchele. Alimsalimu, akamwuliza kama amekula. Fundi akafungua karatasi, akaliweka gauni mezani, na juu yake akauweka ule ukurasa wa kalenda, umenyooshwa, mikunjo yake minane ikionekana.

Mkewe aliutazama muda mrefu. "Huu ulikuwa wapi?"

Fundi alifikiria kudanganya. "Chini ya mguu wa cherehani."

"Aa," mkewe akasema, kama aliyejibiwa kitu alichokuwa anakijua. Akafuta mikono, akalichukua gauni, akaingia chumbani.

Alipotoka, shemeji alipiga kigelegele hadi kuku wa jirani wakatimka. Gauni lilikuwa limekaa. Mabega yalitulia, kola ilishuka na kupishana, mkanda ukaenda mgongoni. Mama watoto alisogea kwenye kioo cha kabati, akageuka huku, akageuka kule, akaingiza mikono mifukoni ikazama, akacheka.

"Kwapani hapabani?" fundi akauliza.

"Hapabani."

"Shingoni?"

"Pazuri. Hii kola umeiweza vipi? Mimi mwenyewe nilichora tu, sikujua inaendaje."

"Mshazari. Yote, kipande kimoja."

"Mshazari!" Akajipiga paji la uso. "Kumbe ni hicho tu?"

Wakatazamana kwenye kioo, na kwa kitambo kile fundi alimwona tayari nyumbani, mto umerudi kitandani, pazia limefunguliwa. Kitambo kile hakikutosha hata kumaliza kikombe cha maji. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa akitazama miguu yake. Upande wa kulia, upindo wa gauni ulikuwa juu ya kifundo. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka, unagusa kidole.

Akajiweka sawa. Upindo ukabaki vilevile. Akamwita dada yake. "Hebu njoo usimame hapa, kando yangu." Dada akaja. Mama watoto akaweka kiganja kwenye nyonga ya dada, kisha kwenye yake mwenyewe, kushoto na kushoto.

"Ulimpima dada," akasema. Hakuwa anauliza.

"Tulitaka kukushtukiza, mdogo wangu," shemeji akaanza, "na sisi si tumelingana..."

"Tulilingana." Akamgeukia mumewe. "Unajua hii nyonga ilishuka lini?"

Fundi hakujua hata kama imeshuka.

"Na mimi sijui siku yake. Ni pasi. Ukisimama na pasi kutwa nzima, mguu mmoja ndio unaobeba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya lile pazia, nanyoosha suti za watu wako, na nilikuwa nasikia kila kitu. 'Simama hapa, mama. Inua mikono. Usijibane, pumua kawaida.' Una sauti yako ya kupimia watu, wewe mwenyewe huijui. Laini hivyo. Nikawa nasema moyoni, ipo siku atafungua pazia aniambie, haya na wewe njoo. Hata asiposhona kitu. Anipime tu, ajue nilivyo." Akalishika gauni kwenye nyonga. "Sasa hata kwa gauni langu mwenyewe, aliyeitwa asimame ni dada."

Shemeji akaangalia dari.

"Nikupime sasa," fundi akasema. Futi ilikuwa tayari mkononi. "Sasa hivi, mama watoto. Yote. Kuanzia bega."

"Gauni limeshaisha, fundi. Unapima nini?"

Kumwita fundi, kama mteja! Alinywea. Na kwa kuwa mikono yake haikujua kuomba radhi kwa namna nyingine, alipiga magoti sakafuni, akatoa pini kwenye mfuko wa shati, akazibana midomoni kama walivyo mafundi wote duniani, akashika upindo wa kushoto aanze kuupandisha.

"Liache."

Akainua uso.

"Liache hivyo hivyo. Ndivyo ninavyotembea." Mkewe hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Gauni nimelipenda. Umejitahidi, naviona vidole vyako. Kesho nitaenda nalo sokoni, watu walione. Lakini kwako sirudi, baba watoto. Nilikuwa nafikiri labda bado sijaamua. Nimeshaamua. Una neno?"

Neno alikuwa nalo. Alikuwa na maneno ya miaka thelathini na minne, lakini alikuwa pia na pini saba midomoni, na fundi hafungui mdomo wenye pini. "Mmh," akasema. Akaanza kuzitoa moja moja, akizichomeka kwenye ukosi wa shati, ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaanguka akaitafuta kwa kiganja zuliani, ya nne. Mkewe alisubiri. Alisubiri kwa heshima kabisa, hadi ya tano. Kisha akachukua sinia lake la mchele, akaingia nalo jikoni, upindo ukiburuta kidogo upande mmoja.

Alipotoa ya saba, aliyekuwa mbele yake ni shemeji, ameshika kikombe cha chai.

"Kunywa basi, inapoa," akasema.

Fundi akainuka, akanywa akiwa amesimama. Haikuwa na sukari, naye hakuomba. Huko jikoni mchele ulikuwa unaoshwa, maji yanamwagwa, yanawekwa mengine, yanamwagwa.